Mkoba Mmoja Uliogeuzwa Taifa la Wezi

Auderghem, Jumapili, Novemba 1999

Mvua haijakatika tangu asubuhi, ile mvua ya hapa isiyo na ngurumo wala haraka, inayonyesha kama mtu anayenung'unika peke yake. Siku nyingine ningeilaumu. Leo hasira yangu ina wenyewe.

Ukurasa huu wangu wa intaneti nauandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Mkubwa wangu wa kazi ana kompyuta ofisini na amejifunza kupekuapekua huko kwenye intaneti, lakini Kiswahili hakijui. Humu nitasema ninavyotaka.

Kwa asiyenijua: mimi ni Zaina, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Nilifika Ubelgiji kama mkimbizi, vita vya kwetu vilipochacha. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Nawaogesha, nawavalisha, nawapa dawa, nawasikiliza. Asubuhi zangu nyingi zilikuwa za Madame Odette, bibi mjane wa mtaa wa Woluwe-Saint-Lambert, ambaye miguu imemwishia nguvu lakini ulimi bado mzima. Mwanawe wa pekee, Monsieur Philippe, hufika siku za Jumapili na keki mkononi, akakaa bila kuvua koti, akaondoka.

Mara mbili kwa wiki nilikuwa namkuta pale Marisol. Yeye ni mtu wa Ekwado, kule Amerika ya Kusini. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa anasafisha nyumba za watu ili amlee binti yake, Daniela. Hana karatasi za ukaazi. Kifaransa chake kibovu kuliko changu, na nadhani hilo ndilo lililotufanya marafiki, maana hakuna aliyemwonea mwenzake haya. Ananiita "Saina". Nimechoka kumsahihisha, na siku hizi nikisikia "Zaina" nageuka polepole kidogo.

Madame Odette alimpenda. Nalisema hili mapema ili mtu asije akafikiri ninamzungumzia bibi mwenye roho mbaya. Alikuwa akimwekea Daniela biskuti. Alikuwa akimwita Marisol "mdogo wangu". Marisol akipiga pasi, bibi husogeza kiti chake cha magurudumu karibu, ajipashe joto la mvuke na kumsimulia habari za marehemu mume wake, na Marisol huitikia "oui, oui" hata pale asipoelewa neno.

Na jikoni, redio. Redio ya Madame Odette haizimwi tangu anapoamka mpaka anapolala.

Bon. Ilivyoanza ni hivi.

Kuna gazeti la bure linaloingizwa kwenye masanduku ya barua kila wiki, lenye matangazo ya samani na bei za nyama. Jina lake silitaji. Mwezi uliopita lilitoa habari kwenye ukurasa wa kwanza: bibi mmoja aliibiwa mkoba kwenye lifti ya jengo lao, na jirani alidhani amemwona mtu "mwenye sura ya Kilatino", yaani ya watu wa Amerika ya Kusini, akishuka ngazi. Alidhani. Juu ya habari hiyo wakaweka kichwa kwa herufi kubwa: WALATINO: NI NANI TUNAOWAFUNGULIA MAMA ZETU MILANGO?

Hiyo alama ya kuuliza! Ndiyo iliyonitia hasira kabla ya yote. Mwizi mzoefu huvaa glavu asiache alama za vidole. Mwandishi yule alivaa alama ya kuuliza. Ukimkamata atakwambia, mimi nimesema nini? Nimeuliza tu.

Siku chache baadaye redio ikaichukua habari ile. "Gazeti moja limeandika kwamba..." Watu wakapiga simu. Kisha televisheni ikatuma kamera mtaani kuwauliza akina bibi kama wanaogopa. Mtu akikuelekezea kamera na kukuuliza kama unaogopa, utasemaje? Wakasema wanaogopa. Usiku ule taarifa ya habari ikatangaza kwamba hofu imetanda. Wiki iliyofuata gazeti lile lile likaandika kwa fahari kwamba redio na televisheni zimethibitisha waliyoyasema.

Mkoba mmoja!

Nilikuwa nayafuatilia maneno yenyewe, maana mimi maneno nayajua yanavyokwenda. Kwanza alikuwa "mtu mmoja". Kisha likawa "kundi". Kisha "mtandao". Kisha "wimbi". Ijumaa moja nikiwa namkausha Madame Odette nywele, mwanamume mmoja akapiga simu kwenye kipindi cha asubuhi akasema hawa Walatino ni panya, ukimwona mmoja jua ukutani wamo ishirini.

Mtangazaji akacheka.

Hakumkemea, hakumkatia simu. Alicheka kile kicheko cha mtu aliyesikia utani wa mezani, akasema, "Ah, Monsieur, wewe huna breki!" Kisha akaweka muziki. Mimi nikabaki nimeshika kile kikaushio cha nywele, hewa ya moto inapiga ukuta, mpaka Madame Odette akaniuliza kama nimelala.

Sikulala. Nilikuwa Buyenzi.

Kule tulikuwa na jirani, Mama Konsolata. Tulichangia ukuta mmoja wa uani. Nikiishiwa chumvi, nagonga ukuta, na mkono wake unachomoza juu na kikombe. Akiishiwa yeye, anagonga. Kisha zikaja redio za miaka ile, zilizoota kama uyoga katika nchi zetu, na zote zilikuwa za kuchekesha sana. Walikuwa na muziki mzuri. Walikuwa na utani. Waliwaita watu mende, waliwaita nyoka, na studio nzima ikaangua kicheko. Mama Konsolata alikuwa akisikiliza huku akichambua maharagwe, naye akicheka kidogo kidogo, kwa aibu. Hakumuua mtu yeyote. Siku walipokuja kumchukua mume wangu, niligonga ukuta ule mpaka ngumi zikachubuka. Mkono haukutokea.

Kwa hiyo mtu asiniambie kicheko ni kitu kidogo.

Wiki ile ile vijiko vikahama. Madame Odette ana vijiko vya fedha alivyopewa siku ya harusi yake, na Marisol ndiye aliyekuwa akivisugua. Akafungua droo, tupu. Akanitazama. Mimi nilivijua vilipo. Nilikuwa nimeviona asubuhi, ndani ya soksi, chini ya mto wa kitanda cha bibi. Marisol alifunga droo taratibu, akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo cha dirisha ambacho alikwisha kukifuta.

Alipoondoka nilimuuliza Madame Odette kwa nini.

"Si kwa ajili ya Marisol," akasema, uso umemwiva. "Marisol ni mwema. Lakini redioni wanasema wanafahamiana wote. Labda ana binamu."

"Na mimi? Mimi sina binamu?"

"Wewe ni tofauti, Zaina. Wewe si kama wao."

Nimeambiwa matusi mengi katika nchi hii, mengine kwa Kifaransa, mengine kwa Kiflamandi. Hilo alilolisema kwa upole, akinipigapiga mkono, ndilo ambalo bado halijashuka kooni.

Siku mbili baadaye Monsieur Philippe alinipigia simu pale nyumbani kwa mama yake. Marisol asifunguliwe tena. Hakuna aliyeibiwa kitu, alikiri mwenyewe, lakini "katika hali hii ya sasa" lazima mtu awe mwangalifu. Hali gani ya sasa? Hali waliyoipika wenyewe, wakaipakua, wakaila, halafu wanalalamika tumbo!

Kengele ilipolia nilifungua. Niliambiwa nisifungue, nikafungua, kwa sababu sikutaka Marisol aambiwe habari zake na mlango. Nikamweleza pale pale kwenye korido. Alisikiliza akiwa ameshika mwavuli unaochuruzika maji. Kisha akauliza kama anaweza kumuaga Madame. Nikaingia chumbani kuuliza. Madame Odette aligeuzia uso ukutani akasema kichwa kinamuuma.

Marisol alisema, "Sawa, Saina. Mwambie apone." Akashuka ngazi. Hakutumia lifti.

Jioni ya siku hiyo hiyo alikuwa na Daniela kituo cha basi, Chaussée de Wavre, upande wetu huku wa Auderghem, ambako barabara ile imekwisha kusahau vitenge na samaki wa Matonge, mtaa wa Waafrika, na kuwa barabara ya watu wenye mbwa. Mtoto alikuwa akimsimulia mama yake habari za shule, kwa Kihispania, kwa sauti, kama watoto wanavyosimulia. Vijana wawili wakamwambia anyamaze. Marisol akamvuta mtoto karibu. Mmoja akasema lile neno, panya. Mwingine akamsukuma Marisol. Akaanguka ubavu kwenye ukingo wa barabara, mkono wa kulia ukatangulia.

Kulikuwa na watu kituoni. Basi lilipofika, walipanda.

Daniela ndiye aliyenipigia, kutoka kibanda cha simu, analia kwa lugha tatu. Nilikwenda nikawachukua kwa teksi mpaka hospitali. Muuguzi mmoja, dada mpole, akauliza imekuwaje. Nilikuwa nimefungua kinywa, Marisol akanibana goti kwa ule mkono mzima.

"Nimeanguka," akasema.

"Umeanguka wapi?"

"Kwenye ngazi."

Muuguzi aliniangalia mimi. Nikanyamaza, kwa sababu Marisol alikuwa ananibana zaidi, na kwa sababu nilijua: polisi wakija wataanza na karatasi zake kabla ya mkono wake. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Walipokuwa wanamfunga plasta, Daniela alinong'ona sikioni mwangu kama kweli Kihispania ni lugha mbaya.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia watu wazima wengine ni wajinga. Ningemwambia nini?

Jumatano nilikwenda Matonge kununua unga na mafuta ya mawese. Papa Déo, mwenye duka, ni mtu wa Bukavu, mkimbizi kama mimi, mwanakwaya, mtu wa watu. Gazeti lile la bure lilikuwa mezani kwake, juu ya gunia la mihogo mikavu. Nikamweleza yaliyompata Marisol. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kisha akasema:

"Pole yake, Maman Zaina. Lakini bon, leo ni tour ya ba-Latino. Jana ilikuwa yetu. Sisi batu beusi tupumuzike kidogo, donc."

"Papa Déo! Hilo unalisema wewe?"

"Minasema tu ukweli. Banasahau sisi kidogo. Weye hauone ni muzuri?"

Niliacha unga palepale kaunta. Nilitembea barabara ile mvua ikininyea, nikizungumza peke yangu kama kichaa. Tupumzike! Kama kwamba chuki ni foleni ya mkate, ukishasogea mbele zamu yako imepita. Papa Déo alikimbia kwao akiwa na Biblia na viatu vya mguu mmoja mmoja, visivyofanana. Mwenyewe husimulia akicheka. Ni nani aliyemkimbiza? Majirani. Majirani waliambiwa na nani? Anajua. Anajua vizuri kuliko profesa yeyote wa hapa, na bado anasema tupumzike.

Lakini nilipofika nyumbani hasira ile ikanigeukia. Papa Déo amesema. Mimi je, nimefanya nini? Nimemkasirikia mwenye duka.

Basi Ijumaa nikapiga simu redioni.

Nilikuwa na siku ya mapumziko. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Ilibidi nipige mara nyingi kabla ya kupata laini. Msichana mmoja akaniuliza nataka kusema nini, nikamdanganya kwamba nataka kuzungumzia usalama wa wazee. Akafurahi, akaniambia nisubiri. Kisha nikaisikia sauti ya mtangazaji mwenyewe, ile ya kicheko, karibu kabisa sikioni.

"Tuko na Madame Zaina, kutoka...?"

"Kutoka Auderghem."

"Haha, ndiyo, lakini asili yako?"

"Asili yangu siyo habari ya leo, Monsieur. Mimi nahudumia wazee. Nakuuliza swali moja. Kuna mtu alipiga simu hapa, akawaita Walatino panya, ukacheka. Nataka kujua kilichokuchekesha."

Akakohoa mbali na maikrofoni.

"Madame, yale ni maoni ya msikilizaji. Tuko katika nchi ya demokrasia."

"Maoni ni yake. Kicheko ni chako."

"Sikiliza, hapa sisi tunawapa watu nafasi ya..."

"Rafiki yangu amevunjwa mkono kituo cha basi, mbele ya mtoto wake, na aliyemvunja alitumia neno hilo hilo. Hakulitoa kwao. Alilisikia kwako. Na asili yangu uliniuliza, sasa nakujibu. Nimetoka mahali ambapo redio ilicheka hivyo hivyo. Mimi ni mjane, Monsieur. Nimekuja kukwambia mwisho wa huo utani..."

"Asante sana Madame Zaina, muda wetu ndiyo huo, twende kwenye hali ya barabara."

Simu ikakatika. Redio yangu mwenyewe, pale juu ya kabati, ikaanza kutangaza foleni ya magari.

Nililia kwa hasira. Nilikuwa bado na maneno mengi! Nilikuwa nimeyapanga usiku kucha, mazuri, ya Kifaransa safi, na sikufika hata nusu.

Jana asubuhi nilikwenda kazini kama kawaida. Madame Odette alikuwa macho, kitandani, jikoni kimya. Redio imezimwa. Katika muda wote niliofanya kazi pale sijawahi kuusikia ukimya wa nyumba ile. Kumbe friji yake inanguruma.

"Nilikusikia," akasema.

Nikaendelea kutayarisha maji ya kumwogesha.

"Unasema haraka mno ukikasirika. Nusu sikuielewa." Akaitazama mikono yangu. "Mkono gani?"

"Wa kulia."

"Ndiyo anaofanyia kazi."

"Ndiyo, Madame."

Nikamwogesha, nikamvalisha. Ndipo akasema nimwambie Marisol arudi, yeye mwenyewe ndiye atakayemshughulikia mwanawe, nyumba ni yake si ya Philippe. Alisema kwa sauti ya amri, lakini mikono ilikuwa inakunja na kukunjua shuka. Nilitaka kumkasirikia zaidi. Nilikuwa na haki. Nikajikuta namfunga vifungo vya sweta, kimoja baada ya kingine, wala simwangalii usoni.

Kabla sijatoka mkubwa wangu akapiga simu. Monsieur Philippe naye alikuwa amesikiliza redio ndani ya gari lake. Kuanzia kesho Jumatatu nimehamishiwa kwa wazee wengine, na nikijitokeza tena hadharani kuzungumzia "familia tunazozihudumia" nitapewa onyo la maandishi. Sikuitaja familia yoyote. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Zaina, unaelewa vizuri ninachomaanisha." Naam, naelewa. Wao ndio wenye kuuliza maswali. Mimi nikiuliza moja, ni utovu wa adabu.

Leo nimekwenda Saint-Gilles kwa Marisol, chumba chake cha ghorofa ya juu, nikambebea wali na maharagwe. Nikampa ujumbe wa Madame Odette. Alikuwa amekaa kitandani, plasta juu ya mto. Daniela amekwisha kuichora maua yote. Marisol aliisogeza sahani kando.

"Mwambie asante," akasema. "Nampenda. Lakini sirudi, Saina. Nikirudi, kila siku nitakuwa namwangalia kama ananiangalia."

Nikamwambia kwamba Jumanne naenda kwenye ofisi ya lile gazeti, kazi niwe nayo au nisiwe nayo, nikamtake mhariri aniambie uso kwa uso mkoba ule uliibwa na nani. Mpaka leo sijui. Wao pia hawajui, na hawajawahi kutafuta. Nilimwambia asije, ni hatari kwake, na jina lake sitalitaja. Akakubali. Kisha akanishika mkono kabla sijasimama.

"Lakini usiwaambie mimi ni mwanamke maskini aliyesukumwa. Watanihurumia, halafu watasahau. Waambie ni mwalimu."

Nitawaambia.

Sasa ni magharibi, na kuna kitu kimenikaa moyoni tangu niliporudi, nacho lazima nikiandike hata kama hakinipendezi. Nilipiga simu ile kwa sababu Marisol ni rafiki yangu. Ningekuwa simjui je? Wiki ijayo redio ile ikichagua watu wengine, watu ambao sina mazoea nao, labda hata watu nisiowapenda, waliowahi kunitukana kwenye foleni, na mtangazaji akacheka tena kicheko kile, Zaina, utanyanyua simu?